Maandiko ya Kusini: Tangu Tarikhi ya Kilwa Hata Bwana Msa

Mtungaji wa Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa, tarikhi iliyo mashuhuri kuliko zote zilizoandikwa juu ya Kilwa Kisiwani, alikusudia kukigawa kitabu chake milango kumi, walakin nakala iliyotufikia inakoma katika mlango wa saba. Mtu huyo alitueleza hata mwezi na mwaka aliozaliwa, yaani Shawwal ya mwaka 904 wa Hijra, ambao ni mwaka 1499 wa Miladi, lakini jina lake halimo katika nakala hiyo. Basi anayetaka kuyakusanya maandiko ya pwani ya kusini, kuanzia Kilwa hata Lindi na Mikindani, na aanze safari yake akijua kwamba aghalabu atakachokipata ni sehemu ya kitu, na kwamba hiyo sehemu nayo haikusalia ila kwa sababu mtu mmoja, siku moja, aliitaka na akaiandikia nakala.

Ndani ya kitabu hicho mna ile hadithi ambayo wazee wa Kilwa huisimulia hata leo, ya Ali bin Husein aliyetoka Shirazi kwa jahazi pamoja na baba yake na ndugu zake, akakikuta kisiwa kina mwenyewe, akakinunua kwa nguo zilizotandazwa kukizunguka kisiwa chote. Kisha, mwuzaji alipokwisha kuvuka bara na kujutia biashara yake, Mshirazi na watu wake wakauchimba mkondo wa bahari, ambao maji yalipokupwa ulikuwa ukipitika kwa miguu, hata ukawa na kina cha kumzuia asirudi. Mna pia habari za masultani na fitina zao, na habari za kuja kwa Wareno, ambao mwaka 1505 waliingia Kilwa chini ya amiri wao Francisco d'Almeida wakauteka mji. Nakala ya Kiarabu ilipatikana Unguja katika zama za Sayyid Barghash, ikafika mikononi mwa balozi wa Kiingereza, Sir John Kirk, ikachukuliwa London kuwekwa katika British Museum, na mwaka 1895 bwana aitwaye Strong akaitoa kwa chapa. Kabla ya hapo Mreno João de Barros, ambaye hakupata kuikanyaga pwani yetu, alikwisha kupiga chapa huko Lisbon mwaka 1552 mukhtasari wa tarikhi ya wafalme wa Kilwa. Na orodha yake ya wafalme haipatani kwa kila jina na ile ya Kiarabu, jambo lililowapa wanachuoni kazi ya kulinganisha mpaka zama zetu hizi.

Mambo hayo yana kawaida yake, nayo ni kwamba karatasi hufuata nguvu. Barua zilizoandikwa Kilwa kwa hati za Kiarabu mnamo mwaka 1711, katika zama za Malkia Fatima, zimehifadhiwa Goa katika nchi ya Hindi, kwa kuwa Goa ndiko Wareno walikoweka daftari za dola yao ya mashariki. Huku nyumbani, maandishi yaliyotunzwa kwa taadhima yalikuwa yale ya dini: msahafu uliofungwa kwa kitambaa na kuwekwa juu, maulidi ya Barzanji, vitabu vya fiqhi ambavyo mwanachuoni alivinakili kwa kalamu ya mwanzi, na pengine akaviandikia ukurasani kwamba ni wakfu, haviuzwi wala havirithiwi. Maandishi mengine, kama tenzi za vita, hadithi za kuchekesha, mashairi ya kujibizana na habari za watu wa mji, yalikaa vifuani mwa watu zaidi kuliko katika makasha, na yale yaliyoandikwa yaliachiwa unyevu wa masika, na mchwa, na chumvi ya upepo wa bahari ambayo haiachi kitu cha chuma wala cha karatasi kikae salama.

Ndipo akaja Carl Velten. Huyu alikuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani Dar es Salaam katika miaka ya 1890, kisha akawa mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki mjini Berlin, na kazi yake ilikuwa kuwataka wenyeji waandike wenyewe, kwa maneno yao, habari wanazozijua. Kitabu chake cha mwaka 1907, Prosa und Poesie der Suaheli, kimekusanya miongoni mwa mengine habari za zamani za Kilwa, na za Lindi, na za Sudi, na za Mikindani, namna wazee wa miji hiyo walivyozipokea kwa baba zao: nani alifika kwanza, nani alioa kwa nani, ni kabila gani la bara lililopewa ada na kwa sababu gani. Msomaji wa leo wa Lindi akitaka kujua mji wake ulivyojieleza kabla ya vita vya Maji Maji hana budi kupita kwa Velten. Na mtu asimlaumu Velten kwa hilo, maana hakuiba kitu. Aliomba akapewa, naye akakipiga chapa.

Katika vitu alivyovihifadhi Velten mna shairi la Mzee bin Ali bin Kidigo juu ya Hassan bin Omari Makunganya, yule aliyewasumbua Wajerumani kwa miaka katika nchi ya nyuma ya Kilwa hata wakamkamata mwezi wa Novemba 1895, wakazipata barua zake zilizofichua urafiki wake na matajiri wa mjini, na wakamnyonga Kilwa Kivinje pamoja na wenziwe katika mwembe ambao watu waliuita Mwembe Kinyonga. Miaka kumi baadaye, Julai 1905, Wamatumbi wa milima iliyo kaskazini-magharibi ya Kilwa waling'oa pamba ya serikali pale Nandete, na vita vya Maji Maji vikawaka kusini yote. Na mtu wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini, akavitungia utenzi. Utenzi huo haukupigwa chapa hata mwaka 1933, ulipotolewa Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani ya Lorenz, kisha mwaka 1957 ukatolewa tena Afrika ya Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley, kama nyongeza ya jarida la kamati ya Kiswahili. Tangu vita mpaka chapa ya kwanza ilipita zaidi ya robo karne, na katika muda huo uhai wa kazi nzima ulitegemea karatasi ambazo moto mmoja wa makuti ungalitosha kuzimaliza.

Watunzi hawa hawakuketi kuwaandikia maprofesa. Waliwatungia watu waliokuwa na hamu ya kujua nini kilitokea, nani alikimbia, nani alisaliti, nani alisimama imara mbele ya kitanzi. Waliwapa wasikilizaji wao msisimko wa mambo ya juzi, na mtu mwenye kiburi cha elimu angaliweza kusema wakati ule kwamba hayo ni mazungumzo ya barazani tu. Hali hiyo iliendelea hata karne ilipofika zaidi ya nusu yake: Peter Lienhardt, aliyefanya utafiti Kilwa Kivinje, ndiye aliyechapisha Oxford mwaka 1968 Swifa ya Nguvumali, utenzi wa Hasani bin Ismail juu ya mganga aliyevuma kwa kufichua wachawi. Utenzi huo una dhulma iliyofichwa, watu wanaoshukiwa, na mtu mmoja mwenye maarifa anayeitoa siri hadharani. Nani asiyeona kwamba hapo tumekwisha kufika mlangoni pa hadithi ya upelelezi?

Mwenye hadithi za upelelezi kwa Kiswahili ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918, akafanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuingia katika uandishi wa magazeti. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ikatolewa kitabu mwaka 1960, na hapo wasomaji wa pwani nzima wakamjua mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na Najum sahibu yake. Vikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Vitabu saba ni haba. Kwa mtu asiyejua mambo yalivyo, kuvikusanya vyote ni kazi ya kwenda dukani na kurudi.

Lakini tuitazame kazi hiyo kwa karibu. Kitabu cha kwanza kilitolewa na shirika la serikali za Afrika ya Mashariki, cha pili na Evans Brothers wa London, na vile vya miaka ya sabini na East African Publishing House ya Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Literature Bureau ikavunjika pamoja nayo. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mwaka huohuo, usifunguliwe hata 1983. Kisha ikaja miaka ya shida ya karatasi, na hatimaye lile shirika la Nairobi nalo likafa. Na kusini kulikuwa na masafa yake, kwa kuwa hata mwaka 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, mzigo wa kwenda Kilwa na Lindi kwa njia ya barabara ulingoja pantoni, na masika yalipokaza barabara yenyewe ilifungwa. Kwa hiyo nakala iliyofika kusini ilisomwa na mtaa mzima. Mtu anayeiokota leo hukuta jalada limeunganishwa kwa gundi ya unga, mgongo umepasuka, pini zimeshika kutu na kuchora alama nyekundu katika ukurasa wa kati, na aghalabu ukurasa ule wenye jina la mchapaji na mwaka, ambao mkusanyaji huutafuta kabla ya kitu kingine chochote ili ajue kama ameshika chapa ya kwanza au ya tano, ndio uliochanwa zamani kuandikiwa hesabu ya duka.

Yaliyompata Abdulla yamewapata na wenzake waliomfuata: Faraji Katalambulla wa Simu ya Kifo ya mwaka 1965, Elvis Musiba na Willy Gamba wake, Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Vitabu vyao vilinunuliwa na kusomwa kuliko vingi vilivyosifiwa madarasani, na kwa sababu hiyohiyo vikachakaa vikatupwa, ilhali kile kisichosomwa kilikaa rafuni kikiwa kizima. Wakosoaji wengine wamevidharau, wakisema ni vya kupitisha wakati, na katika baadhi ya vitabu hivyo kweli haraka ya mwandishi inaonekana. Lakini dharau si daftari, na wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Atakayeandika miaka mia ijayo jinsi Waswahili wa baada ya uhuru walivyoziona fedha, polisi, uchawi, ndoa na mji mkubwa, atavihitaji vitabu hivi kama sisi tunavyomhitaji Abdul Karim bin Jamaliddini. Na ikiwa atakuta viwili katika saba, ataandika tarikhi yenye pengo, kama ile ya Kilwa.

Wala faida ya kukusanya si ya wanatarikhi peke yao. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa vijijini kuwahoji wazee walioviona vita vya Maji Maji, na mwaka huohuo Gwassa na Iliffe wakatoa kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii ya kusini, akatoa tamthilia yake Kinjeketile, ambayo imewafunza vijana wa nchi hii habari za Kinjeketile, mganga wa Ngarambe wa vita hivyo, kuliko hotuba yoyote. Kumbukumbu zilizokusanywa ziliifaa fasihi, na fasihi nayo ikawafanya watu waziulize upya kumbukumbu zile. Bali lisilokusanywa halimfai mtunzi wala msomi.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba kosa la kusini halikuwa kukosa waandishi, bali kuwaachia wageni kazi ya kutaka kitu kizima. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na wao waliinama: Mreno, Mwingereza na Mjerumani, kila mmoja kwa haja yake, nao wakapata walichokitafuta. Sasa zamu ni yetu, na kazi haitaki mali nyingi. Mwalimu wa Kivinje na awaombe wanafunzi wake waulize majumbani kuna kasha gani la karatasi za babu, wazinakili au wazipige picha kabla ya masika yajayo. Maktaba ya Lindi na iwe na rafu moja ya vitabu vyote vilivyoandikwa juu ya kusini au na watu wa kusini, pamoja na nakala ya Velten na ya utenzi wa Maji Maji. Na mwenye vitabu vya Bwana Msa asiviuze kwa muuza karanga avifanye vifungashio, bali aandike ndani ya jalada jina lake na mwaka aliovipata, ahesabu vingapi vimetimia katika saba, na vilivyobaki avitafute kwa majirani maadam wenye navyo wangali hai.