Sanduku la Kura la Pontefract

Katika jumba la makumbusho la mji wa Pontefract, kaskazini mwa Uingereza, limehifadhiwa sanduku la mbao ambalo lakiri yake bado ina alama ya ngome na bundi. Alama hiyo si nembo ya serikali. Ni muhuri wa kiwanda cha peremende, kwa kuwa mji huo ulivuma kwa peremende zake nyeusi za mzizi mtamu, na muhuri uliotumika kulifungia sanduku ulikuwa huo wa kugongea peremende. Tarehe 15 Agosti 1872, wakitumia sanduku hilo, Waingereza walimchagua mbunge kwa kura ya siri kwa mara ya kwanza.

Msomaji autazame vizuri mwaka huo. Tangu kabaila Simon de Montfort aite wajumbe wa miji bungeni mwaka 1265, ilikuwa imepita miaka 607. Katika muda wote huo kura ya Mwingereza ilikuwa jambo la hadharani. Mpiga kura alisogea mbele ya umati, akataja jina lake na la mgombea wake, na karani akaandika. Katika sehemu nyingi daftari hizo zilichapishwa zikauzwa, hata jirani akajua fundi viatu wa mtaa wake amemchagua nani. Aliyenunua kura kwa pombe au fedha alikuwa na uhakika wa kuona kama bidhaa yake imefika. Wakenya wanaoukumbuka mlolongo wa 1988, walipopanga foleni nyuma ya wagombea, hawahitaji kuelezwa uzito wa kuonekana.

Sauti hiyo ya hadharani iliwahi pia kuleta fahari. Mwezi Novemba 1867 huko Manchester, jina la Lily Maxwell, mjane mwenye duka la vyombo, liliingia kwa makosa katika orodha ya wapiga kura, wakati wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura za ubunge. Alikwenda, akamtaja Jacob Bright kwa sauti, na waliokuwapo wakamshangilia. Nafasi hiyo ilizibwa mara moja. Mwaka uliofuata mahakama iliamua kwamba sheria ya uchaguzi haiwahusu wanawake, nao wakasubiri hadi 1918, tena kwa wenye umri wa miaka 30 na kuendelea waliotimiza sharti la mali.

Lakini kwa mnyonge wa kawaida, kusikika kulikuwa hatari. Katika uchaguzi wa 1868 wakulima wa Wales, wengi wao wakiishi na kulima katika ardhi ya mabwana, waliwachagua Waliberali kinyume cha matakwa ya mabwana hao. Adhabu ilikuja baada ya matokeo: familia zilipewa notisi, zikafungasha virago na kuyaacha mashamba. Henry Richard, mbunge wa Merthyr, aliyapeleka malalamiko hayo bungeni mwaka 1869. Naamini machozi ya wakulima hao yaliisukuma sheria ya kura ya siri kuliko hotuba za miaka mingi zilizotangulia. Na hotuba zilikuwapo: George Grote aliileta hoja ya kura ya siri miaka ya 1830 mara kwa mara ikashindwa, na vuguvugu la wafanyakazi lililoitwa Chartism liliidai tangu 1838 kwa maombi yaliyotiwa saini na mamilioni.

Waliopinga hawakuwa mabwana peke yao. John Stuart Mill, mtetezi mkubwa wa uhuru na wa haki za wanawake, alisema kura ni amana. Wachache waliopewa wanaipiga kwa niaba ya wengi waliokosa, basi na waonekane. Hoja hiyo ina uzito, na si haki kuipuuza. Ila Mill aliamini kwamba zama za bwana kumtisha mpangaji zilikuwa zinapita, na Wales ikaonyesha kwamba hazijapita.

Dawa yenyewe ilitoka ng'ambo. Makoloni ya Victoria na Australia Kusini yalitunga sheria za kura ya siri mwaka 1856: serikali ichapishe karatasi, mpiga kura apewe kificho cha kuweka alama. Hugh Childers, aliyechaguliwa Pontefract siku ile, alikuwa ameishi Victoria na kushika wadhifa serikalini huko miaka hiyohiyo. London ilijifunza kutoka kwa watu iliowatawala, na jambo hili halisemwi vya kutosha tunapofundishwa kwamba demokrasia ilisafiri kwa njia moja tu.

Mabwana wa Bunge la Juu waliukataa mswada wa kura ya siri mwaka 1871. Ulipopita mwaka uliofuata, uliwekewa ukomo wa mwisho wa 1880 kama kitu cha kujaribiwa, kisha sheria ikawa inahuishwa mwaka baada ya mwaka.

Hata hivyo siri haikukamilika. Kila karatasi ya kura ya Uingereza ina namba, na msimamizi huandika namba ya mpiga kura sambamba nayo katika orodha nyingine. Lengo ni kuwanasa wanaopiga kura kwa majina ya wenzao. Baada ya kuhesabu, karatasi na orodha hufungwa katika vifurushi tofauti, visivyofunguliwa ila kwa amri ya mahakama au ya Bunge lenyewe. Hukaa hivyo mwaka mmoja, kisha huharibiwa.