Hotuba si Amri: Kiswahili Jukwaani Nchini Uganda

Neno hotuba lina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa hutuba, yaani mawaidha ya Ijumaa msikitini. Kuhutubu ni kusema mbele ya hadhara kwa mpango, ili wasikilizaji waridhie jambo. Hapo ndipo hotuba inapotofautiana na amri: anayeamuru hahitaji ridhaa, mhutubu huitafuta.

Tofauti hii inatusaidia kuelewa historia ya Kiswahili hapa kwetu Uganda. Wakati wa ukoloni kilikuwa lugha ya askari wa King's African Rifles. Gavana Gowers alipotaka kukipa nafasi kubwa shuleni mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa alipinga. Baada ya uhuru wa 1962, jeshi na polisi waliendelea kukitumia. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na hilo nalo lilikuwa amri. Raia wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kwa maneno mafupi: simama, toka, lete.

Kwa jirani zetu mambo yalikwenda vingine. Tangu TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954 hadi uhuru wa 1961, Mwalimu Nyerere alizunguka Tanganyika akihutubia mikutano kwa Kiswahili. Hakuwa na jeshi wala polisi, bali alikuwa na hoja, mifano na mzaha. Lugha ile ile ambayo huku iliogopesha, kule ilishawishi.

Sheria zetu zimeshabadilika. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliunga mkono kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, sheria haiwezi kufuta kumbukumbu ya watu.

Kazi hiyo ni yetu walimu. Wanafunzi wetu huandika insha nzuri, lakini wakiitwa mbele husoma karatasi macho chini. Tuwape dakika tano wasimame bila karatasi: wasalimie hadhara kwa itifaki, wataje hoja moja, waitetee, kisha wajibu maswali ya wenzao. Mzee aliyeijua lugha hii kizuizini anastahili kuisikia, japo mara moja, ikimwomba ridhaa.