Pochi ya kitambulisho kwenye simu: developa wa Moshi aanzie wapi?

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Ukiiandika kwenye daftari la gesti pale Moshi mjini, au ukiacha kopi ya kitambulisho steshenari, umeshatoa zaidi ya ulichoombwa. Pochi za kidijitali za utambulisho zimebuniwa kupunguza hilo. Nyingi zina msimbo huria, yaani msimbo uko wazi, developa yeyote anaweza kuusoma na kuutumia bila kulipia leseni.

Pochi hii haibebi hela kama M-Pesa. Inabeba hati zilizosainiwa.

Kuna pande tatu: anayetoa hati, mwenye simu na anayehakiki. Tuchukue mfano wa kufikirika wa muongoza watalii mwenye leseni ndani ya simu, anayefika geti la Marangu. Siku anapopewa leseni, simu yake inatengeneza funguo mbili. Wa siri unabaki ndani ya simu, sehemu salama ambayo hata programu nyingine haiufikii. Wa umma unaenda kwa mtoaji, ambaye anauweka ndani ya leseni kisha anaisaini kwa ufunguo wake mwenyewe.

Getini, simu ya askari inatuma namba ya kubahatisha na simu ya muongozaji inaisaini. Ndiyo maana skrinshoti ya leseni ya mwenzako haisaidii kitu: namba hubadilika kila mara, na ufunguo wa kuisaini huna.

Utamu uko kwenye kuchagua cha kuonyesha. Mtoaji hasaini jina na tarehe yako moja kwa moja. Kila taarifa huchanganywa na namba ya kubahatisha, ikageuzwa kuwa hashi, kisha hashi hizo ndizo zinasainiwa. Ukitaka kuonyesha kwamba leseni ni hai, unafungua kipande hicho tu. Askari anakokotoa hashi yake, akiona inalingana na iliyosainiwa, imeisha hiyo. Tarehe ya kuzaliwa hajaiona. Mfumo huu unaitwa SD-JWT.

Na mtandao ukikata? Horombo, kwenye mita kama 3,720, ilipata intaneti ya kasi ya TTCL mwaka 2022, ila si kila kona ya mlima ina bahati hiyo. Kiwango cha ISO 18013-5 kinaruhusu simu mbili kuhakikiana kwa Bluetooth bila intaneti, mradi ya askari ina ufunguo wa umma wa mtoaji tayari. Tatizo ni leseni iliyofutwa jana. Orodha ya zilizofutwa lazima ipakuliwe, kwa hiyo askari asiye na mtandao anategemea orodha ya mwisho aliyonayo. Hapo developa inabidi aamue: orodha ya siku ngapi bado inakubalika?

Msimbo wa kuanzia upo. Inji ni pochi ya mradi wa MOSIP uliozaliwa Bangalore, India, na Fayda, kitambulisho cha Ethiopia, kimejengwa juu ya MOSIP. Umoja wa Ulaya nao umeweka msimbo wa mfano GitHub, maana nchi wanachama zinatakiwa kuwapa raia pochi kufikia mwisho wa 2026. Soma kwanza OpenID4VCI, inayohusu kutoa hati, kisha OpenID4VP, inayohusu kuionyesha.

Msimbo utaupakua leo kwa bando la siku. Sahihi ya NIDA hupakui popote. Kwa maoni yangu, developa wa Moshi aanze na mtoaji anayeweza kumfuata ofisini: ushirika wa kahawa usaini hati za wanachama wake, au chuo kisaini kadi za wanafunzi. Ukishika taarifa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu Mei 1, 2023, inakuhusu hata kama mradi ni wa majaribio.

Halafu fikiria mzee wa Machame aliyeibiwa simu siku ya gulio. Ufunguo wa siri hauhamishiki, kwa hiyo hati ya zamani inafutwa na mpya inatolewa kwenye simu nyingine. Nani atamtambua dirishani, na kwa ushahidi gani? Andika hatua hiyo kabla hujagusa msimbo.