Kodi: Sauti Tatu Zinapopatana

Mwalimu wa kwaya pale Simbo, Kigoma, akimwambia kijana aliyeketi kwenye kinanda, “Mdogo wangu, shika kodi ya do,” kijana mgeni husita. Kodi anayoijua ni ya nyumba au ya serikali.

Neno hili la muziki tumelipokea kutoka Kiingereza, na wapiga gitaa wetu wamelizoea. Sioni haja ya kulikataa, maana kitenzi hulitenga na mwenzake: kodi ya serikali hulipwa, ya muziki hupigwa, hushikwa, hubadilishwa. Ninalosikitikia ni kwamba halimfumbulii mwanafunzi chochote. Na kumbe kwa asili lilikuwa neno zuri sana. Waingereza walilikata kutoka neno lao la mapatano. Baadaye wakalichanganya na neno la Kilatini la uzi wa ala, wakalipachika herufi isiyokuwa yake. Kwa hiyo anayesema “patano la sauti” anarudi kwenye mzizi. Kiswahili nacho kina kitenzi tayari: sauti zimepatana, au hazipatani. Ningeacha kodi ibaki jina, na patano liwe maelezo yake siku ya kwanza mtu anapogusa kinanda.

Tafuta vibonyezo viwili vyeusi vilivyokaa peke yao. Cheupe kinachopakana na hivyo viwili upande wa kushoto ndicho C, kiite do. Weka kidole gumba hapo, ruka cheupe kimoja, weka kidole cha kati, ruka kingine, weka kidole cha mwisho. Bonyeza vyote pamoja: do, mi, so. Do ikitetema mara 4, mi hutetema karibu mara 5 na so karibu mara 6, ndiyo maana sikio huzipokea kama ndugu. Sasa shusha mi hadi cheusi kilicho kushoto kwake. Kodi iliyokuwa meja imekuwa maina, na simanzi imeingia.

Mwanakwaya aliyelelewa na nota za do-re-mi ana mtaji mkubwa hapa. Besi akiwa kwenye do, tenor kwenye so, alto kwenye mi na soprano kwenye do ya juu, kodi nzima imesimama mbele ya waumini. Ameiimba miaka yote bila kuiita jina.

Sauti hizo husogea kidogo kidogo; kwa hiyo kwenye kinanda, anapotaka kwenda kodi ya fa, asirushe mkono mzima. Kidole gumba kibaki kwenye do, vile viwili visogee kulia cheupe kimoja kimoja: do, fa, la. Arudi. Kwa kodi ya so, kidole cha mwisho ndicho kibaki, viwili visogee kushoto: ti, re, so. Kisha amwombe dada wa alto aimbe polepole mi, fa, mi, re, mi, naye apige akimfuata. Kidole chake cha kati kitatembea na sauti ya dada huyo, hatua kwa hatua.