Kwera wa Kilifi

Kwera wa Kilifi (Ploceus golandi) ni ndege mdogo ambaye duniani kote hupatikana katika Kaunti ya Kilifi tu, pwani ya Kenya. Alielezwa kisayansi mwaka 1913 na Stephenson Clarke. Dume ana kichwa, kifua na mgongo mweusi, tumbo la manjano na pindo za manjano kwenye mbawa. Jike ni wa rangi ya zeituni juu na manjano chini, na akitulia katikati ya majani humwoni.

Kwera wengi tunaowajua hushinda karibu na watu wakidonoa nafaka. Huyu hula wadudu, na makao yake ni vilele vya miti ya mirihi. Kundi huja kwa kelele, likapekua matawi haraka, wengine wakining'inia kichwa chini, kisha likahamia mti wa mbele. Anayewatazama huishia kuumwa na shingo.

Msitu wa Arabuko-Sokoke ndiko alikojulikana zaidi, lakini kwa miaka mia moja wataalamu hawakupata kiota chake hata kimoja. Jibu lilipatikana mwaka 2013 ng'ambo ya mto Sabaki, katika misitu ya Dakatcha, na halikuwa juu ya mti. Mvua kubwa ikinyesha, mabonde yaliyo katikati ya mirihi hujaa maji na kuota ndago. Hapo kwera hushuka kwa pamoja, wakasuka viota kwenye mashina ya ndago, chini kabisa, juu ya maji. Wenyeji wa Dakatcha waliojiunga kulinda msitu wao walikuwa miongoni mwa waliovigundua.

Ugunduzi huo ulibadili hesabu ya uhifadhi. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali; Dakatcha kwa sehemu kubwa ni ardhi ya jamii na ya watu binafsi, isiyo na ulinzi kama huo. Mirihi hukatwa kwa makaa, na msitu hufyekwa kupisha mananasi. Mpango wa kulima mbono kaburi kwenye maelfu ya hekta kwa ajili ya mafuta ya magari ulipingwa vikali, ukakwama. Shirika la A Rocha Kenya limenunua vipande vya ardhi huko, na Nature Kenya inafanya kazi na vikundi vya wenyeji. Ni juhudi za kupongezwa, ingawa eneo lililolindwa bado ni dogo mno kwa ndege aliyeorodheshwa kuwa hatarini kutoweka. Anahitaji mirihi ya kumlisha na bonde la kutagia, na mwaka ambao ndago hazikuota, viota havionekani.