Kombora la Mbatata

Neno alkoholi asili yake ni Kiarabu: al-kuhl, unga laini wa kupakwa machoni, huu huu tuuitao wanja wa manga. Wazungu walilichukua wakaliita kila kilichosagwa au kukenekwa hadi kikabaki kiini chake. Mwisho likaishia kwenye kileo. Sisi wafasiri hupenda kufuata nyayo za maneno, na nyayo za hili zilinifikisha nisikokutarajia: kisiwa cha Usedom, katika Bahari ya Baltiki.

Hapo, kando ya kijiji cha wavuvi cha Peenemünde, ndipo Wajerumani walipotengeneza kombora la V-2, herufi hiyo ikisimama badala ya neno lao la kisasi. Tarehe 3 Oktoba 1942 lilipaa zaidi ya kilomita 80 angani. Chakula chake kilikuwa tani nne kasorobo za alkoholi iliyotiwa maji, mafungu matatu kwa moja, ikichomwa kwa oksijeni iliyogandamizwa na baridi hadi ikawa maji. Alkoholi hiyo ilizungushwa kwanza katika kuta za tanuri ili zisiyeyuke, ndipo ikaungua. Baada ya dakika moja hivi moto ulizimika, na kombora likaendelea kama jiwe lililokwisha kutupwa.

Nayo ilikenekwa kwa mbatata. Yakadiriwa kuwa kombora moja lilimeza tani 30, ilhali raia wakila kwa mgao.

Tarehe 8 Septemba 1944 lilianguka Chiswick, London, likaua watu watatu. Halikuwa na onyo, maana lilikwenda kasi kuishinda sauti: mauti yalitangulia, mlio ukafuata. Mwezi Desemba, mjini Antwerp, sinema ya Rex ilipigwa watu wakitazama filamu, walikufa 567.

Hata hivyo, waliolilaani zaidi ni waliolazimishwa kuliunda. Kambi ya Mittelbau-Dora, yenye kiwanda ndani ya mahandaki ya mlima, ilipitiwa na wafungwa wapatao 60,000. Takriban 20,000 walikufa, kupita wote waliouawa na kombora lenyewe.

Tarehe 5 Mei 1961 Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kufika anga za juu, alirushwa na roketi ya Redstone, nayo ikinywa alkoholi na maji yale yale. Aliyeongoza wahandisi wake ni Wernher von Braun wa Peenemünde, ambaye baadaye alikiri kwamba aliingia katika mahandaki yale, akawaona wafungwa.