Sheli ya Zamani Iliyokataa Kuhama

Leo sina programu mpya ya kukuonyesha. Nataka kukusimulia historia ya kitu kizee ambacho nusura kinigombanishe na wakulima wa kahawa.

Chama kimoja cha ushirika upande wa Kangundo kiliniomba skripti ndogo: isome rekodi za kila siku, ijumlishe kilo za kila mwanachama, itoe orodha ya kubandikwa ukutani kabla ya mkutano wa Jumamosi. Niliiandika kwa Bash kwenye laptopu yangu ya Ubuntu, nikaijaribu, ikafanya kazi, nikamtumia karani. Yeye alikuwa na Mac iliyonunuliwa mtumba Nairobi. Jioni akanipigia simu.

"Kijana wangu, mashine yako imetufanya sote matajiri."

"Vipi, mzee?"

"Kila mtu ana kilo sawa. Na kilo zenyewe ni za chama kizima."

Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Anayejua ushirika wa kahawa anajua kwamba karatasi yenye kilo zisizoeleweka ni vita, na wa kwanza kuitwa mwizi ni karani.

Kesho yake nilipanda matatu nikaenda. Nikafungua teminali, nikaandika bash --version. Jibu: toleo 3.2.57, na chini yake mwaka 2007. Hapo ndipo nikaelewa.

Kwa msomaji mgeni: sheli (si ile ya petroli!) ni programu inayopokea amri unazoandika na kuzifikisha kwa mfumo endeshi. Jina lilitolewa na Mfaransa Louis Pouzin miaka ya 1960. Mfumo una kiini, na hili ni ganda lake. Unix ilianza na sheli ya Ken Thompson mwaka 1971, kisha mwaka 1979 ikaja ya Stephen Bourne, ambayo sarufi yake tunaiandika mpaka leo. Sheli ya Bourne ilikuwa mali ya kampuni, kwa hiyo watu wa programu huria walihitaji yao. Brian Fox alianza kuiandika mwaka 1988, ikatoka 1989, wakaiita Bash kwa kulichezea jina la Bourne: Bourne aliyezaliwa mara ya pili. Kwa Kikenya ningesema ni sheli iliyookoka. Baadaye Chet Ramey wa chuo kikuu kimoja cha Ohio akaichukua, na bado ndiye anayeitunza.

Apple waliiweka Bash kuwa sheli ya kawaida ya Mac mwaka 2003, wakiiondoa tcsh. Toleo 3.2 lilitoka Oktoba 2006. Nilikuwa darasa la tatu, na M-Pesa haikuwa imezaliwa. Ilizinduliwa Machi 2007. Mwezi wa Juni mwaka huo huo likatokea jambo ambalo halikuhusu msimbo hata kidogo: leseni ya GPL ikapata toleo la tatu. Leseni hiyo mpya inasema, pamoja na mengine, kwamba ukimuuzia mtu kifaa chenye programu hii ndani, umpe pia uwezo wa kuweka humo toleo alilolibadilisha mwenyewe. Ina vifungu vya hataza vilevile. Bash 4.0 ilipotoka Februari 2009 ilikuwa chini ya leseni hiyo, na tangu hapo Apple hawajaweka Bash mpya ndani ya Mac. Mimi naona ni uamuzi wa mawakili, mafundi hawakuwa na lao.

Usidhani waliitelekeza kabisa. Septemba 2014 ilipogunduliwa kasoro ya Shellshock, iliyojificha ndani ya Bash tangu 1989, Apple waliiziba ndani ya 3.2 hiyo hiyo baada ya siku chache. Waliitia kiraka wakaiacha palepale. Mwaka 2019, kwenye Catalina, wakaifanya zsh kuwa sheli ya kawaida. Hiyo iliandikwa na Paul Falstad mwaka 1990 na leseni yake haina masharti hayo. Lakini Bash ya zamani ilibaki kwenye /bin/bash, na skripti yangu ilianza kwa mstari unaoiita kwa jina hilo.

Sasa kosa lenyewe. Nilitumia declare -A, orodha ambayo faharasa zake ni maneno, kwa mfano M014, namba ya mwanachama. Kitu hicho kilikuja na 4.0. Bash 3.2 ililalamika mara moja kwamba haiijui -A, ikaendelea na kazi, kwa sababu sikuiambia isimame ikikosea. (Hilo ni langu, simsingizii mtu.) Kwake faharasa ni namba tu, basi ikaichukua M014 kama jina la kigeu, ikakuta ni kitupu, ikahesabu sifuri. M015, sifuri. Wanachama wote wakamwaga kahawa yao kwenye gunia moja, na kila mmoja akasomewa uzito wa gunia hilo.

Nikaweka Bash 5 kwa Homebrew, nikaiongeza kwenye /etc/shells, nikabadilisha kwa chsh. Nikaendesha skripti kwa kujiamini, karani amesimama nyuma yangu. Kosa lilelile! Chsh hubadilisha sheli unayoandikia wewe. Mstari wa kwanza wa skripti ulikuwa bado unaenda kwa mzee wa 2006. Kumfuta na kumweka mpya mahali pake? Haiwezekani kirahisi: tangu El Capitan ya 2015, mfumo unailinda folda ya /bin hata dhidi ya msimamizi mkuu. Bash mpya hukaa jirani, kwenye /opt/homebrew/bin au, kwa Mac za Intel, /usr/local/bin.

Kwa hiyo nikabadilisha mstari wenyewe uwe #!/usr/bin/env bash, ili itafutwe ile inayotangulia kwenye PATH, na chini yake nikaweka ukaguzi: kama BASH_VERSINFO[0] ni pungufu ya 4, skripti iseme hivyo na ikome. Nikaijaribu makusudi kwa /bin/bash, ikakataa. Nikaijaribu kwa mpya, orodha ikatoka, kila mtu na kilo zake.

Karani hakuniamini mara moja. Alichukua kalamu na kitabu chake cha risiti, akajumlisha wanachama kumi kwa mkono, mimi nikingoja na chai. Zilipolingana akaenda kutafuta gundi.